Mtoto amekuwa asistanti, mshahara haujafika: nani anasema ndiyo?

Siku ya posho, kisha mkutano wetu hapa Lac Vert, watu walishaanza kubeba viti vyao wakati mama mmoja alisimama na bahasha mkononi. Wengi tunamjua. Anauzisha makala kando ya barabara ya kwenda Mugunga, na bwana yake ni mchimbaji kule Rubaya tangu watoto wao wakiwa wadogo. Ndani ya bahasha mlikuwa barua moja tu, yenye muhuri na sinyatire tatu. Kijana yake wa kwanza ni asistanti katika chuo kimoja cha serikali, na chuo hicho hatutakitaja. Anafundisha, anasahihisha mitihani, wanafunzi wanamwita « Assistant » na heshima yote. Mwaka huu ni wa sita. Mshahara wa serikali hajauona hata siku moja.

« Tulichimba ili asome, » mama alituambia. « Alisoma. Bakamupa kazi. Sasa bwana yangu anachimba tena ili ule mwenye kazi apate kula. Mimi naomba kitu kimoja: muniambie ni nani anasemaka ndiyo. Nimujue. »

Hakuna aliyejibu. Sisi wa sendika tunajua vizuri namna mfuko wa coltan unavyotoka shimoni: tunajua mwenye shimo, tunajua négociant, tunajua agenti wa serikali anayefunga etiketi, tunajua nani anakata ngapi na anakatia wapi. Lakini chuo kikuu? Tunalipa ku benki, tunapewa bordero, tunairudisha nyumbani na kuiweka chini ya godoro. Basi. Na katika watu waliokuwa pale siku ile, karibu nusu wana mtoto anayesoma masomo ya juu, ama aliyemaliza.

Kwa hiyo tulijipa kazi. Tulienda kuwaona walimu wawili watatu, tukakaa na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika biro za chuo na sasa amepumzika, tukasoma sheria zenyewe, hata kama Kifaransa chake ni cha kuvunja meno. Haya ndiyo tuliyoyaelewa, na tunayaandika kwa ajili ya mama huyu na wengine.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa: kuomba makuta na kuomba mtu ni njia mbili tofauti. Sisi tulifikiri kuna meza moja, wakubwa wanakaa, wanasema ndiyo ama hapana kwa vyote. Si hivyo. Ombi la kununua kitu, mara nyingi linaishia nyumbani, hapa hapa. Ombi la mtu wa kazi linapanda ndege kwenda Kinshasa. Na kati ya kuondoka kwake na kurudi kwake, kuna mtu anayefundisha bila mshahara.

Tuanze na ile ya nyumbani. Kila chuo kikuu cha serikali kina comité de gestion, yaani komite ya uongozi. Mule mna rekteri, mna secrétaire général wa masomo, mna secrétaire général wa utawala, na mna administrateur du budget, ndiye mwenye kuangalia mfuko. Siku hizi ameongezwa na yule wa utafiti. Watu hawa hawachaguliwi na walimu wala na wanafunzi. Wanawekwa na Kinshasa, na Kinshasa inaweza kuwatoa.

Mzee wetu alikunjua karatasi juu ya goti lake ili atuonyeshe. Tuseme, alisema, departema moja inataka mikroskopu tano. Wanaandika etat de besoin: vitu gani, ngapi, bei gani, vya kazi gani. Karatasi inaenda kwa mkubwa wa fakilte, anaitia sinyatire ama anairudisha. Inapanda kwa secrétaire général. Kutoka pale inaenda kwa mtu wa bajeti, na pale, mzee alicheka, ndipo karatasi nyingi zinalala. Kwa sababu yeye haulizi kama mikroskopu ni ya lazima. Anauliza maswali mawili: je, kitu hiki kiliandikwa katika bajeti ya mwaka? Na ku kesi kuna kitu? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, karatasi inarudi. Kama la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana, karatasi inangojea. Inaweza kungoja hata mikroskopu zenyewe zipande bei. Ikipita, komite inakaa, inasema ndiyo, rekteri anatia sinyatire, na kisha tu mtu wa kesi anafungua mfuko.

Sisi wachimbaji tulipenda swali lile la kwanza. « Iliandikwa katika bajeti? » Maana yake ni kwamba vita ya mikroskopu haipiganwi siku ya kuomba. Imepiganwa zamani, siku ile bajeti ya mwaka ilipoandikwa. Mwenye hakuwa pale siku ile, ama hakutuma karatasi yake kwa wakati, anaweza kulia mwaka mzima. Ni kama mwenye shimo anayesahau kuhesabu miti ya kushikilia udongo kabla ya kuanza kuchimba: udongo ukianza kuanguka, hakuna wa kukopesha miti.

Bajeti yenyewe haiishii kwa komite ya uongozi. Kuna conseil de l'université, baraza la chuo, ambamo wakubwa wa fakilte wanaketi pamoja na wajumbe wa wafanyakazi na wa wanafunzi. Na juu ya vyuo vyote kuna Conseil d'administration des universités, watu wanaiita CAU. Hapa tulishangaa kidogo. Sisi tulidhani kila chuo kina baraza lake la juu. Lakini sheria ya tarehe 3 mwezi wa kumi 1981, ile ordonnance-loi 81-025, iliweka baraza moja kwa vyuo vikuu vyote vya serikali, moja lingine kwa ISP zote, na moja kwa shule za ufundi za juu. Juu ya mabaraza hayo kuna minisitiri. Naye kila mwaka anatoa maagizo yake, instruction académique, yenye kupanga mwaka wa masomo na pia kugusa mambo ya malipo ya wanafunzi na namna yanavyogawanywa. Kwa hiyo komite ya nyumbani inapika, lakini chumvi inapimwa mbali.

Sasa njia ya pili, ile ya mama mwenye bahasha.

Departema inaona kwamba masomo ni mengi, walimu ni kidogo. Inahesabu saa. Inatafuta kijana aliyemaliza na pointi nzuri, na hapo tuseme kweli, mara nyingine inatafuta pia kijana wa mtu fulani. Jina linapanda fakilte, linapanda kwa secrétaire général wa masomo, linafika kwa komite ya uongozi. Komite inasema ndiyo. Kijana anapewa barua. Barua ile ndiyo mama alikuwa nayo mkononi, na sinyatire zake tatu ni za kweli kabisa, hakuna aliyemdanganya.

Lakini ile ni ndiyo ya kwanza. Ndiyo ya pili ni ya Kinshasa: dosie lazima ikubaliwe na minisiteri, kijana aingie mu statut, apate namba ya matrikule. Na ndiyo ya tatu ni ya watu wa bajeti ya serikali na wa paie: namba ile iingizwe katika listi ya mishahara, ndiyo watu wanasema kumekaniza. Wizara ya masomo ya juu inaweza kukubali mtu, na listi ya mishahara ikabaki imefungwa kwa sababu makuta ya kulipa watu wapya hayakuwekwa katika bajeti ya taifa mwaka ule. Wale wanaongojea pale mlangoni wana jina lao, nouvelles unités. Wapya. Kuna « wapya » wenye mvi.

Mchimbaji anaelewa jambo hili mbio kuliko profesa. Mfuko wako unaweza kuwa na coltan nzuri, uzito wake umepimwa, watu wote wa shimo wanajua ni wako. Bila etiketi hautembei. Asistanti bila matrikule ni mfuko bila etiketi. Tofauti ni kwamba mfuko hauli, haupangi nyumba, na hauoi.

Katikati hapo anaishi na nini? Anaishi na primi ya nyumbani, kama iko. Primi ile inatoka wapi? Hapa ndipo mkutano wetu wa pili ulipiga kelele. Inatoka katika makuta ambayo wanafunzi wanalipa. Serikali inatuma mishahara ya wale waliomekanizwa, lakini makuta ya kuendesha chuo, ya chaki, ya mazutu ya jenereta, ya kufagia, ya primi, kwa sehemu kubwa yanatoka kwa wazazi. Sasa fuata njia: baba anachimba Rubaya, analipa masomo ya binti yake mdogo, malipo yale yanatoa primi kidogo kwa asistanti ambaye hajamekanizwa, asistanti yule ni kaka ya binti. Baba mmoja analipa mwalimu na mwanafunzi, na wote wawili ni wake. Mama wa makala aliposikia hivyo hakusema kitu. Alifunga kitambaa chake upya, akatazama chini.

Na komite ya nyumbani inajua vile. Ndiyo maana ni rahisi kwake kusema ndiyo kwa mtu kuliko kusema ndiyo kwa mikroskopu. Mikroskopu inataka makuta leo. Mtu anataka barua leo, makuta yatakuwa ya Kinshasa siku moja. Hatusemi kwamba ni roho mbaya. Wanafunzi wanaongezeka, auditwari zimejaa, lazima mtu asimame mbele yao. Lakini kila barua kama ile ni deni, na anayelibeba deni si yule aliyetia sinyatire. Jambo hili linahusu pia wafagizi, masekretere, walinzi, ile kundi wanaita PATO. Kwa hao ni vibaya zaidi, kwa sababu asistanti anaweza kutafuta saa za kufundisha chuo kingine. Mlinzi anatafuta geti gani lingine usiku?

Kwa nini njia imekuwa ndefu hivyo? Mzee wetu anasema lazima kurudi nyuma. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi, Lovanium, kilianza 1954 kule Kinshasa, wakati ule Léopoldville, na wenye kukiongoza walitazama Louvain ya Ubelgiji. Mwezi wa tatu 1964 wanafunzi wake waligoma. Moja ya mambo waliyoyadai ni kuwa na nafasi katika uongozi wa chuo, walisema cogestion. Walitaka kukaa pale ambapo mambo yanakatwa. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi walitoka barabarani Kinshasa kwa ajili ya bursi na maisha yao, askari wakapiga risasi, wengine wakakufa. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, Mobutu aliwaingiza jeshini. Na mwaka ule ule, mwezi wa nane, akachukua vyuo vitatu, Lovanium, kile cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, akavifanya kimoja: UNAZA, rekteri mmoja, Kinshasa. Fakilte zikagawanywa kama mizigo ya lori, udaktari huku, barua kule.

Miaka kumi ilipita hivyo. Mwaka 1981 walivitenganisha tena, kila chuo na rekteri wake. Ndiyo sheria tuliyoitaja juu. Lakini baraza la juu lilibaki moja. Wazee wa chuo wanasema nyumba iligawanywa, ufunguo wa dukani ulibaki kwa baba.

Goma yenyewe ilijengwa juu ya mfano ule. UNIGOM ilianza 1993 kama tawi la Kisangani, ikasimama yenyewe 2004, miaka miwili kisha volkano ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 kuchoma sehemu ya mji. Wakati wa tawi, dosie ilienda Kisangani kwanza, kisha Kinshasa. Sasa imepunguza kituo kimoja.

Jirani wanafanya namna gani? Uganda, sheria yao ya 2001 inapa kila chuo cha serikali baraza lake, Council, ndilo la juu kabisa ndani ya chuo. Makerere ina baraza lake, na ndani yake wanaketi wajumbe wa walimu, wa wafanyakazi wengine na wa wanafunzi. Iko komite yake ya kuajiri, iko komite yake ya kuhesabu bajeti. Mtu akikataliwa anajua ni meza gani iliyomkataa. Lakini tusidanganyane, meza kuwa karibu haimaanishi iko laini. Baraza la Makerere lenyewe ndilo lilikubali kupandisha malipo kwa asilimia 15 kila mwaka, na mwezi wa kumi 2019 wanafunzi waliandamana, askari wakaingia mpaka katika nyumba za kulala. Kuwa na mjumbe mezani ni kitu kimoja, kushinda kura ni kitu kingine. Sisi wa sendika tunalijua hilo kwa ngozi yetu.

Na kwetu Kinshasa, mwezi wa kwanza 2020, wanafunzi wa UNIKIN waligoma kwa sababu malipo yalipanda. Kukawa fujo na polisi, serikali ikasimamisha masomo na kuwatoa wanafunzi mu home. Wale vijana hawakuwa wanakataa kulipa chuo. Walikuwa wanakataa kulipa hesabu ambayo hawakuiona ikifanywa.

Vyuo vya pembeni ya serikali, kama ULPGL ya makanisa ya kiprotestanti iliyoanza 1985 hapa Goma, vina njia fupi. Wenye chuo wana conseil d'administration yao, inakaa hapa, inasema ndiyo ama hapana, na mtu akiajiriwa analipwa na chuo chenyewe. Fupi, lakini pale pia mzazi haketi. Na mfuko ni ule ule: malipo ya mwanafunzi.

Hapo ndipo sendika yetu iligawanyika, na hatuoni haya ya kuliandika. Wengine walisema tuandike barua kali kwa Kinshasa. Wengine walisema Kinshasa ni mbali, tuulize kile kinachoamuliwa hapa. Mwishoni walishinda wa pili, kwa sababu ya kijana mmoja mwenye kutoka Walikale. Alikumbusha kwamba sheria ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni kubwa za migodi kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji, na kwamba chombo cha kusimamia makuta yale lazima kiwe na wajumbe wa wenyeji. Inafanya kazi vizuri ama vibaya, hilo ni la siku ingine. Lakini sheria ilikubali neno moja: mwenye ardhi aketi pale ambapo makuta ya ardhi yanagawanywa. « Basi, » kijana alisema, « mwenye kulipa masomo yuko wapi? »

Mzee mmoja wa koperative alikohoa, akauliza kama sisi wenyewe tunafungua vitabu vyetu vya hesabu mbele ya wachimbaji kila mwaka. Kukawa kimya. Mwaka jana hatukuvifungua. Tumeahidi kuvifungua kabla ya kwenda kumuuliza rekteri yeyote.

Barua tuliyoiandika ina mambo matatu, na imepelekwa kwa vyuo vya serikali vya hapa bila kuchagua. Kwanza, bajeti ya mwaka ibandikwe ubaoni, kwa franga na kwa dola, na mbele ya kila mstari iandikwe ni kiasi gani kilitoka kwa wanafunzi. Pili, kila mtu anayepewa barua ya kazi aambiwe kwa maandishi kwamba hajaingia katika listi ya mishahara, na dosie yake imefika wapi. Tatu, wazazi wapewe kiti, hata kama ni cha kusikiliza tu, siku bajeti inaposomwa katika baraza la chuo. Chuo kimoja kimetupokea na kutupa chai. Vingine bado.

Yule mama tulimrudishia bahasha yake siku ya Mungu, kisha misa. Tulimweleza yote, polepole, sinyatire kwa sinyatire. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza dosie ya kijana yake iko katika ndiyo ya ngapi. Hatukujua. Kijana mwenyewe hakujua. Siku ya kwanza ya juma aliomba ruhusa, akaenda biro ya wafanyakazi kuuliza, wakamwambia arudi kesho kutwa na fotokopi ya diploma.

Mkutano mwingine utakuwa Lac Vert, pale pale, siku ya posho inayokuja, saa nane. Mwenye mtoto chuoni alete bordero za benki za miaka mitatu ya nyuma. Mwenye mtoto aliyeajiriwa bila mshahara alete fotokopi ya barua ya kazi, asilete ile ya kwanza, abaki nayo nyumbani.